Fundi Aliyeshona Mkia wa Nguva

Eustadia alikuwa fundi cherehani pale Isevya, mjini Tabora, kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hapakuwa na nguo iliyomshinda. Alishona sare za shule, kanzu za watumishi wa altare, majoho ya kwaya na magauni ya mabibi harusi wa kila umbo. Nyumbani kwake kulikuwa Ipuli, vyumba viwili alivyoachiwa na marehemu mumewe, na mwanawe wa pekee, Benjamini, alifanya kazi Mwanza na kuonekana Krismasi kwa Krismasi. Kwa hiyo maisha yake hasa yalikuwa Isevya, pale kibarazani alipokuwa akishonea, mguu kwenye pedali tangu asubuhi mpaka alasiri. Watu walimwita Mama Benja, au fundi basi.

Mlango wa tatu kutoka kibarazani pake aliishi Mwanne, mpika maandazi na chapati, Mwislamu wa Tabora ya zamani, aliyezaliwa mtaa uleule aliozaliwa mama yake. Mume alikwishaachana naye siku nyingi. Alikuwa na binti mmoja, Najiat, wa miaka ishirini na miwili, msusi. Najiat alikuwa na vidole vyepesi na wateja hawakumkosa, ila akili yake haikuwa kwenye nywele za watu. Ilikuwa kwenye filamu, na katika filamu ilikuwa kwa nguva.

Siku za mvua, kazi ikipungua, alihamia kibarazani kwa Eustadia na simu yake. Alikuwa amewatazama nguva wote wa dunia hii. Wa kigeni, wale wenye mikia inayometameta kama karatasi ya peremende, waliotafsiriwa na madijei wanaosema maneno ya mama, ya mtoto na ya samaki kwa sauti ileile moja. Wa tamthilia ndefu za Kifilipino, wanaolia kila sehemu inapokwisha. Na wa kwetu, wanaotoka baharini wamevaa nguo za kukodi kuja kuwaangamiza wanaume wenye magari. Alisimulia habari zao huku Eustadia akishona, na Eustadia, ambaye hakuwa mtu wa filamu, alijikuta akiuliza, "Enhe, halafu yule aliyeolewa na mvuvi akawaje?"

"Mama Benja," Najiat alimwuliza siku moja, "unadhani huku bara nguva wapo?"

"Huku hata maji ya bomba yanakatika. Nguva atakaa wapi?"

Najiat alicheka mpaka akaegemea cherehani. Alikuwa na kicheko kinachoanza kwa ghafla, kama mtu aliyekanyaga kitu cha baridi.

Mwanzoni mwa mwaka, kijana mmoja aliyeitwa Hilari, mpiga picha wa harusi, akatangaza kwamba anatengeneza filamu. Hadithi aliitunga mwenyewe. Mfanyabiashara wa zamani za misafara anamnasa nguva kule Ujiji, katika ziwa, anampakia kwenye pipa la maji na kumchukuza kwa wapagazi mwezi mzima mpaka Tabora, akitumaini kumuuza kwa tajiri. Njiani maji yanapungua na nguva anaanza kukauka. Wapagazi wanamwonea huruma, wanamtorosha na kumtia katika bwawa, na humo anabaki peke yake, hana ziwa, hana ndugu, akiimba kila mvua zinaponyesha. Hilari alipomaliza kuisimulia, Najiat alikuwa na machozi. Kesho yake akawa ndiye nguva.

Mkia waliuleta kwa Eustadia, maana nani mwingine? Hilari alimwonyesha picha kwenye simu. Eustadia alizitazama kwa muda mrefu, akiupekua kwa macho kila mshono, kisha akasema, "Nipeni wiki tatu."

Hakuwahi kushona kitu kama kile, na hakuwahi kukipenda kitu alichokishona kama alivyoupenda ule mkia. Alitafuta kitambaa cha kijani chenye magamba madogo ya plastiki, kile kinachoshonewa magauni ya sherehe, akakipanga ili magamba yote yalalie upande mmoja. Pezi la chini alilikaza kwa plastiki aliyoikata kwenye ndoo iliyopasuka. Ndani, ili miguu isionekane miguu, ili kiuno kishuke taratibu kama cha samaki wa kweli, alijaza sponji la godoro, vipande kwa vipande, akavishonea kwenye bitana. Nyuma akaweka zipu ndefu. Najiat alipoujaribu mara ya kwanza, amelala ubavu juu ya mkeka pale kibarazani, watu wa mtaa walikusanyika kutazama. Hata Mwanne aliacha karai lake la mafuta akaja, mikono ina unga, akasimama mbali kidogo.

"Fundi, umenigeuzia mtoto," alisema. Alikuwa anatabasamu, lakini hakukaribia.

Siku tatu kabla ya kwenda bwawani, mvua ya upepo ilinyesha na kupiga mpaka ndani ya kibaraza. Mkia ulikuwa umetundikwa ukutani, pezi likiwa chini, na asubuhi Eustadia alilikuta limelowa. Alipolinyanyua, mkono ulishuka. Lilikuwa zito kama mtoto aliyesinzia. Alilikamua sponji la ndani, na maji yaliyotoka yakakaribia kujaza beseni.

Alisimama akiliangalia lile beseni. Alijua alichokuwa anakiona. Alijua kwamba sponji hilo likizama lote litakunywa maji kuliko mtu anavyoweza kubeba. Dawa yake ilikuwa moja tu, kulitoa. Na akiutazama mkia bila sponji aliuona umelala, umesinyaa, kama mguu wa suruali iliyoanikwa. Akasema moyoni kwamba atamwambia Hilari. Kisha akaja mteja na kitenge, wakaanza kuzungumza mishono, na jua likatoka, na mkia ukakauka. Hakumwambia mtu.

Bwawa lenyewe lilikuwa nje ya mji, njia ya kuelekea Isikizya, upande ule Eustadia alikozaliwa. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zinaagana, na maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye majani. Walikwenda asubuhi, watu saba, kwa gari la kukodi. Eustadia alikwenda kwa sababu ya kumvalisha Najiat, na kwa sababu alitaka kuuona mkia wake majini.

Hilari alipiga picha mbili tatu za majaribio ufukweni, akazitazama, akakunja uso.

"Zipu inaonekana."

Hilari hakumwomba afanye chochote. Alilalamika tu, kama wanavyolalamika watu wa kazi ile. Ni Eustadia aliyesema, "Hilo dogo. Naitoa zipu, namshonea mkia mwilini. Uzi wa nailoni, mshono wa ndani. Kamera haitaona kitu."

"Na nikitaka kwenda chooni?" Najiat akauliza.

"Utajizuia. Nguva haendi chooni."

Akamshona. Alipiga magoti kwenye majani mabichi, sindano mkononi, mkasi mdogo umening'inia shingoni kwa kamba, akaanzia kiunoni akashuka mpaka kwenye visigino, mshono wa karibu karibu, na Najiat akawa anaimba wimbo wa nguva waliomtungia, akiukosea makusudi.

Kando yao alikuwapo mwanamume mmoja, Masolwa, aliyekuja kunywesha ng'ombe. Alitazama kazi yote mpaka mwisho, amejiegemeza fimbo. Kisha akamwambia Eustadia kwa Kinyamwezi, kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia, "Huyo mtoto mnamfunga miguu halafu mnamtia kwenye maji?"

Eustadia alimwelewa. Alimjibu kwamba ni mchezo wa filamu, na kwamba maji pale yanafika kifuani tu. Hilo lilikuwa kweli. Mtu akisimama, yalimfika kifuani. Lakini nguva hasimami.

Vijana wawili walimbeba wakamweka majini. Mara ya kwanza alifanya vizuri mno. Alizama, mkia ukainuka nyuma yake unang'aa, ukapiga maji, na yeye akaibuka mbele kidogo na nywele zimemlalia usoni. Wote walipiga makofi. Hilari akasema arudie, safari hii mbali kidogo, akae chini zaidi. Najiat alikubali kwa kuinua kidole gumba. Eustadia alikuwa amesimama ukingoni kabisa katika kitenge chake cha kijani. Aliona Najiat alivyokuwa anahema, na aliona kwamba mkia hauelei tena kama mwanzo. Alifungua mdomo. Lakini Najiat alikwishazama.

Mkia uliinuka mara moja, nusu. Ukarudi. Hilari alikuwa anahesabu kwa sauti, na alipofika kumi na tano alisema, "Anafanya vizuri." Uso wa Najiat ulitokea juu ya maji kitambo kidogo tu, macho wazi, ukatoweka. Na bado mtu mmoja akasema, "Huyu dada anajua kuigiza."

Eustadia ndiye aliyepiga kelele. Yeye hajui kuogelea. Aliingia mpaka magotini, tope likamshika, akaanguka. Masolwa alitupa fimbo akampita, na wale vijana nyuma yake. Kumtoa kulikuwa kama kuvuta godoro lililolowa, walisema baadaye. Walipomfikisha majanini, Eustadia alikata mshono kwa ule mkasi mdogo, na uzi wa nailoni ukawa unateleza kwenye meno ya mkasi, na mikono yake ilikuwa imejaa tope. Ulikuwa mshono mzuri. Haukukubali kuachia.

Najiat alifariki kabla gari halijafika mjini.

Polisi walikuja, wakauliza kila mtu. Askari aliyeandika maelezo alimwuliza Eustadia, "Wewe hapo ulikuwa nani?"

"Fundi wa nguo."

Askari akaandika, akageukia mwingine. Likaandikwa neno ajali, na kila mtu akalikubali. Najiat alizikwa siku ileile alasiri. Eustadia alikaa na wanawake msibani siku tatu, akaosha vyombo, akachota maji, na Mwanne akamshika mkono akasema, "Mama Benja, wewe ulimpenda." Eustadia alishindwa kuutoa mkono wake.

Ungedhani filamu ilikufa na Najiat. Haikufa. Miezi miwili baadaye Hilari aliimaliza kwa picha alizokuwa nazo, na ilipotoka watu waliigombania. Habari zilikuwa zimeshatangulia. Ilisemekana kwamba nguva wa kweli alichukia kuigizwa, akamvuta binti. Kikapatikana na kipande cha sekunde kumi na mbili, kikazunguka kwenye simu za watu kutoka Tabora mpaka Dar es Salaam. Ndani yake Najiat anazama, na nyuma yake majini kunaonekana umbo la kijani, refu, linalotikisika. Watu walikisimamisha hapo, wakachora duara jekundu. Huyo hapo, walisema. Nguva mwenyewe.

Eustadia alikitazama kipande kile mara moja, akakijua kile kitenge. Lilikuwa ni umbo lake yeye, limesimama ukingoni, linaakisiwa kwenye maji.

Angecheka kama lingeishia hapo. Lakini hadithi ya watu ilitaka mkosaji, na ikamtafuta karibu. Watu wazima wa Isevya walikumbuka kwamba Mwanne, alipokuwa msichana, aliwahi kuugua kwa muda mrefu akapungwa, na waganga walisema ana jini la maji. Basi ikawa hivi: jini la mama ndilo lililompa nguva njia. Mama alilificha, halikulipwa haki yake, likachukua mtoto. Hakuna aliyemwambia Mwanne usoni. Waliacha tu kununua maandazi. Wanawake waliozoea kutuma watoto wao asubuhi na vibakuli waliwatuma mtaa wa pili. Karai lilipungua mafuta, kisha likawa linatoka siku moja moja. Eustadia alipopita asubuhi alimkuta amekaa mlangoni, mikono mapajani, anaangalia barabara.

"Umeamkaje, Mama Najiat?"

"Nimeamka."

Na Eustadia akapita. Miezi saba alipita hivyo. Alinunua maandazi kumi kila karai lilipotoka, ambayo hakuweza kuyala, na alijua vizuri anachokifanya. Alikuwa anainunua dhamiri yake.

Kazini alishindwa. Alikata mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja. Sponji akilishika, hata la kuwekea mabega ya koti, vidole vilikufa ganzi. Alikwenda kuungama, akamweleza padre habari ya beseni na habari ya uzi. Padre alimwondolea dhambi, akaongeza, "Lakini mama, yuko mtu mwingine ambaye hajasikia haya."

Kwanza alimwendea Hilari, afute kile kipande. Alimkuta dukani kwake, amekonda, hajanyoa.

"Nikikifuta mimi kiko kwa watu elfu," Hilari alisema. "Na filamu nayo ni vilevile. Watu wanataka nguva, mama. Nikiwaambia ni sponji, nani ataangalia?" Kisha akashusha sauti. "Na ukianza kusema sponji, watauliza nani alikuwa anahesabu. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Hilo linaninyima usingizi, Mama Benja. Usinitoe mbele za watu."

Eustadia hakumkasirikia. Walikuwa watu wawili wa shimo moja.

Alimwendea Mwanne saa nne asubuhi, siku ambayo karai halikutoka. Alikataa kiti, akaketi chini kwenye mkeka. Akamweleza yote kwa mpangilio, kama anayemweleza mwanafunzi namna ya kukata nguo. Hakuruka beseni. Hakuruka zipu, wala kwamba shauri la kumshona lilitoka mdomoni mwake. Alimweleza kwamba lile umbo la kijani ni kitenge, akakitoa kwenye mfuko aliokuja nao akakitandika mbele yake.

"Hakukuwa na nguva. Na wewe huna kosa lolote. Ni mkono wangu."

Mwanne alikitazama kitenge bila kukigusa.

"Miezi saba," alisema hatimaye. "Unanipitia hapo mlangoni, unaniuliza nimeamkaje."

"Ndiyo."

"Unajua waliniletea mganga hapa? Kaka yangu alimleta. Nikavuliwa nguo, nikafukizwa, nikaambiwa niombe radhi kwa kumuua mwanangu. Nikaomba. Nililia nikaomba radhi, Mama Benja, kwa sababu niliamini."

Eustadia aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Mwanne hakumwinua.

"Ijumaa ijayo tunamsomea dua," Mwanne akasema. "Wanawake wote watakuja, hata wale wasionunua kwangu, maana dua ina chakula. Uje. Useme kama ulivyosema hapa. Usipunguze."

Akaja. Baada ya dua, sahani za pilau zikiwa bado mikononi mwa watu, Eustadia alisimama karibu na mlango, akasema. Alipomaliza, mtoto mchanga mmoja akalia akanyamazishwa.

Aliyejibu alikuwa shangazi yake Najiat, Bi Mgeni, mama mtu mzima na mwenye heshima mtaani.

"Mama Benja, wewe ni jirani mwema. Tunakujua. Unataka kumsitiri mwenzio, na Mungu atakulipa. Lakini sponji halina mkono. Yule binti aliogelea vizuri mara ya kwanza, sote tumeona. Mara ya pili nani alimshika?"

"Maji, Bi Mgeni. Sponji lilikuwa limejaa maji."

"Na huyo wa kijani?"

"Ni mimi."

Wakamtazama, na baadhi yao wakasogeza watoto. Alielewa polepole, huku bado amesimama. Walikuwa hawamsikii kama mtu anayekiri. Walikuwa wanamsikia kama mtu aliyeguswa. Kesho yake mtaani ilisemwa kwamba nguva hakutosheka na binti, sasa ameuingia moyo wa fundi aliyeushona mkia wake, ndiyo maana anajiita nguva mbele za watu.

Lakini si wote waliosema hivyo. Mama mmoja aliyekaa nyuma siku ile, asiyesema kitu, asubuhi ya Jumatatu alimtuma mwanawe kwa Mwanne na kibakuli. Baadaye wakafuata wawili wengine. Karai likarudi nje siku nne kwa wiki. Kwa upande wa Eustadia, mabibi harusi waliacha kuja. Zikabaki sare za shule, kwa kuwa shule haijali fundi ana nini. Alikwenda pia kituoni kurekebisha maelezo yake. Askari aliyapokea, akayaandika, akamwambia ataitwa. Hajaitwa.

Mwanne hakumsemesha muda mrefu. Jumapili moja, Eustadia akitoka misa ya pili, alipita kwake akamkuta anapepeta unga. Mwanne alimwita kwa mkono.

"Unayo hiyo filamu kwenye simu?"

"Ninayo."

"Mji mzima umeiona. Mimi niliyemzaa sijaiona. Kaa hapa. Wewe utaniambia ipi kweli na ipi uongo."

Waliketi mkeka mmoja, simu imeegemezwa kwenye bakuli. Filamu haikuwa nzuri. Wapagazi walivaa saa. Pipa la nguva lilionekana wazi kuwa la plastiki. Lakini Najiat alipotokea, amelala ndani ya pipa na kusema na yule mfanyabiashara kwa lafudhi ya kubuni ya watu wa ziwani, Mwanne alitoa sauti puani.

"Anamwiga Bi Mgeni," alisema. "Msikilize. Mtoto huyu hana adabu."

Alicheka kidogo, mara moja, kisha akafuta macho kwa ncha ya khanga akaendelea kutazama.

Walipofika bwawani Eustadia alinyoosha mkono akaizuia simu. "Ndiyo hapa," alisema. "Tuache?"

"Endelea."

Najiat akazama, mkia ukainuka, akaibuka anacheka. "Hapa anacheza," Eustadia alisema. Akazama tena. Mkia ukapanda nusu, ukarudi. "Hapa hachezi tena." Hilari alikuwa ameacha sekunde tatu tu, kisha picha ikahamia kwenye miti na sauti ya wimbo.

Mwanne aliichukua simu mkononi. Alimfanya Eustadia airudishe filamu nyuma, akazitazama zile sekunde tatu mara ya pili, na ya tatu, ameisogeza karibu na uso.

"Aliita?"

"Hakupata nafasi ya kuita."

"Alikuwa anaangalia wapi?"

Eustadia alitafuta jibu jingine, hakulipata. "Alikuwa anatuangalia sisi."

Mwanne alimrudishia simu. Nje mtu alipita anauza karanga, akatangaza, akaenda zake.

"Nenda nyumbani, Mama Benja," Mwanne alisema. "Na kesho usinipitie hapa. Pita njia ya nyuma. Keshokutwa nitaona."

Jumatatu Eustadia alipita njia ya nyuma. Jumanne pia, kwa sababu hakuwa na hakika kama ameruhusiwa. Jumatano alipita mbele. Mwanne alikuwa anageuza maandazi, moshi umemzunguka, na wateja wawili wanasubiri.

"Umeamkaje, Mama Najiat?"

Mwanne hakuinua uso. "Salama," alisema, akaendelea kugeuza. Eustadia akaenda kufungua kibaraza chake.